Bolzano na Bozen: kupakana si kuchanganyika

Katikati ya mji wa Bolzano, kaskazini kabisa mwa Italia, kuna uwanja mdogo wa soko wenye majina mawili. Kwa Kiitaliano unaitwa Piazza delle Erbe, yaani uwanja wa mboga na majani. Kwa Kijerumani ni Obstplatz, uwanja wa matunda. Meza ni zilezile, wachuuzi ni walewale, matufaha na matango yamelala ubavu kwa ubavu. Lakini jina moja si tafsiri ya jingine. Kila lugha ilipofika pale iliona kapu lake.

Mgeni huvipenda sana vibao vyenye majina hayo mawili, akavipiga picha. Kisha anakaa kunywa kahawa, mhudumu anamwamkia kwa Kijerumani na kumtajia hesabu kwa Kiitaliano. Anainua macho anaona mapaa ya Kitiroli na milima nyuma yake, huku redio ya mkahawani ikiimba nyimbo za Roma. Jioni anawaandikia nyumbani kwamba amefika mahali ambapo tamaduni mbili zimechanganyika. Mimi nina ugomvi na neno hilo.

Kuchanganya ni kutia vitu pamoja mpaka usiweze tena kuvitenga. Kupakana ni jambo jingine: mashamba mawili yanapakana, na kila mwenye shamba anajua jembe lake linaishia wapi. Bolzano, ambayo wenyeji wake wanaosema Kijerumani huiita Bozen, ni mji wa kupakana. Amani yake ni ya kweli, sibishi, ila haikuletwa na watu kuyeyukiana. Imeletwa na mpaka uliopimwa kwa uangalifu kuliko mipaka mingi ya nchi na nchi. Na gharama ya mpaka huo inawaangukia zaidi wale wachache waliofanya kile ambacho mgeni anadhani kila mtu amekifanya: waliochanganyika kweli.

Twende kwa miguu. Mji ni mdogo, wakazi wake wanazidi laki moja kwa kiasi kidogo tu.

Kutoka stesheni ya treni, dakika chache zinakufikisha kwenye uwanja wa Walther. Katikati amesimama Walther von der Vogelweide, mshairi wa Kijerumani wa zama za kati, amechongwa kwa marumaru nyeupe, na chini yake watu wanakula aiskrimu. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1889, mji ungali chini ya Austria, na haikuwekwa kuwa pambo. Lilikuwa tamko kwamba hapa ni kwa Wajerumani. Trento, mji wa Waitaliano ulioko kusini kidogo, nao ukiwa chini ya Austria hiyohiyo, ulijibu mwaka 1896 kwa kumsimamisha Dante. Malenga wawili wakafanywa askari wa zamu. Baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaipa Italia eneo lote la Tyrol Kusini, ambamo Bolzano imo, na mwaka 1935 Mafashisti wa Mussolini, waliokuwa wakiitawala Italia, wakamng'oa Walther na kumhamishia kwenye bustani ya pembeni. Alirudi uwanjani mwaka 1981. Anayelamba aiskrimu pale amekaa chini ya mtu aliyetoka uhamishoni, na aghalabu hajui.

Ukiingia mitaa ya kale, yenye maduka yaliyopangwa chini ya matao, unakutana na ushahidi unaopendwa na kila mwandishi wa safari: chakula. Kuna madonge ya mkate yaliyochemshwa ambayo Wajerumani huyaita Knödel na Waitaliano huyaita canederli. Sikiliza vizuri utagundua ni neno moja, la pili limevishwa irabu tu. Kinywaji ambacho kwingine Italia ni Spritz, hapa unakiagiza kwa jina la Veneziano, kwa lugha yoyote ile. Ni kweli, na ni kitamu. Lakini chakula ni shahidi dhaifu. Tumbo huvuka mpaka mapema kuliko mwenye tumbo, na dunia imejaa watu waliochukiana karne nzima huku wakila vitu vilevile na kila upande ukidai kwamba ndio uliovianza.

Shahidi mzuri zaidi ni maneno. Mjerumani wa Bozen akitaka fundi bomba humwita Hydrauliker, neno ambalo Mjerumani wa Berlin lingemkunjisha uso, kwa kuwa limetokana na Kiitaliano, idraulico. Leseni ya udereva kwake ni Patent, kutokana na patente. Namba ya gari ni Targa, kama Waitaliano wanavyosema, bila hata kubadilishwa. Ukimwacha fundi bomba, tazama ni maneno ya aina gani: leseni, namba za gari. Ni maneno ya dirisha la karani. Hayakuingia kwa mapenzi wala kwa ujirani, yaliingia na dola, na mtu akayazoea kwa sababu bila hayo gari haitembei. Ndiyo maana huwa nasita mtu anapohesabu maneno ya mkopo kama busu za ndoa.

Sasa vuka daraja la mto Talvera kuelekea magharibi. Mji unabadilika ghafla kana kwamba umefunua ukurasa. Vichochoro vinakwisha, barabara zinakuwa pana na zimenyooka, majengo yana nguzo na vifua mbele. Mbele yako limesimama Tao la Ushindi, kazi ya msanifu Marcello Piacentini, lililozinduliwa mwaka 1928. Kilatini kilichochongwa juu yake kinasema kwamba kuanzia hapa tuliwastaarabisha wengine kwa lugha, sheria na sanaa. Hao "wengine" hawakuwa mbali. Walikuwa ng'ambo ya daraja, wanasikia nyundo za wachongaji.

Kustaarabishwa kwenyewe kulikuwa hivi. Ettore Tolomei, mzalendo aliyejipa kazi ya kuthibitisha kwamba eneo hilo ni la Kiitaliano tangu asili, alitunga majina ya Kiitaliano kwa maelfu ya vijiji, vijito na vilele. Shule za Kijerumani zilifungwa katika miaka ya 1920, watoto wakawa wanafundishwa kusoma lugha ya mama zao kwa siri, majumbani na maghalani, katika zilizoitwa shule za mapangoni. Katika miaka ya 1930 likafunguliwa eneo la viwanda kusini mwa mji, wakaletwa wafanyakazi kutoka Veneto na mikoa mingine, na mitaa hii mipana ikajaa. Mwaka 1939 Hitler na Mussolini wakakubaliana kwamba wasemaji wa Kijerumani wachague: wahamie himaya ya Ujerumani au wabaki na waukubali Uitaliano. Walio wengi walichagua kuondoka, na takriban 75,000 waliondoka kweli kabla vita haijakatiza zoezi. Waliobaki waliitwa wasaliti na waliochagua kwenda, nao waliochagua kwenda wakaitwa wasaliti na waliobaki. Kuna familia ambazo ufa huo ulipita katikati ya meza ya chakula.

Ninayataja haya yote kwa sababu mtu akiyaruka hataelewa kwa nini watu wa mji huu wanapenda sana kuhesabiana.

Maana wanahesabiana hasa. Mwaka 1946 mawaziri Karl Gruber wa Austria na Alcide De Gasperi wa Italia walitia saini Paris makubaliano ya kuwalinda wasemaji wa Kijerumani, lakini utekelezaji ulisuasua. Mwaka 1960 Austria ikalipeleka suala hilo Umoja wa Mataifa. Usiku wa kuamkia 12 Juni 1961 nguzo 37 za umeme zililipuliwa katika jimbo hilo la Tyrol Kusini, na miaka iliyofuata watu waliuawa. Jibu la kudumu lilikuja na katiba mpya ya kujitawala ya mwaka 1972, na Austria haikutangaza kwamba mgogoro umekwisha mpaka mwaka 1992. Miaka ishirini ya kuandika vifungu. Amani ya hapa ni kazi ya wanasheria, si ya washairi wala wapishi.

Moyo wa mfumo huo ni uwiano. Kila mkazi mwenye uraia anajitamka ni wa kundi gani: Kijerumani, Kiitaliano au Kiladini, lugha ndogo ya kale ya mabonde ya milimani. Kazi za serikali zinagawanywa kwa kufuata hesabu ya makundi, na nyumba za umma nazo zikaingizwa katika hesabu. Katika sensa ya mwaka 2011, jimbo zima lilikuwa na asilimia 69.41 ya Wajerumani, asilimia 26.06 ya Waitaliano na asilimia 4.53 ya Waladini. Ndani ya mji wa Bolzano picha inapinduka: Waitaliano wanakaribia robo tatu. Yaani msemaji wa Kijerumani ni mchache katika nchi, ni mwingi katika jimbo, kisha anakuwa mchache tena akiingia mjini kununua viatu. Mwitaliano ni kinyume chake. Kila upande una mahali ambapo unajua ladha ya kuwa wachache, na nashuku jambo hilo limefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za kuvumiliana.

Fahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema. Bolzano imejibu kwa kutia ubao katikati ya zizi, na kuandika kwenye ubao ni kilo ngapi za majani zinakwenda upande upi. Kuna anayecheka. Mimi sicheki. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na aliyeona nguzo za umeme zikianguka hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba mgawanyo wa kazi kwa asilimia ni aibu.

Ila ubao una tabia ya kuota mizizi. Nenda shuleni ukaone.

Shule za jimbo hilo ziko chini ya mamlaka tatu. Mtoto anaingia shule ya Kijerumani au shule ya Kiitaliano, na lugha ya pili anafundishwa kama somo, tena na mwalimu ambaye lugha hiyo ni ya mama yake. Kifungu cha 19 cha katiba ya jimbo ndicho kinacholinda haki hiyo ya kusomeshwa kwa lugha ya mama, na chama kinachogusa kifungu hicho kinajichimbia kaburi kwa upande wa Wajerumani. Ukikumbuka shule za mapangoni unaelewa. Lakini matokeo yake ni watoto wanaokua mtaa mmoja, wanapanda basi moja, na kushukia vituo viwili. Wakifika utu uzima wana marafiki tofauti, vilabu tofauti vya mpira, magazeti tofauti. Wanajuana kwa sura.

Halafu kuna utani mchungu wa lugha yenyewe. Mtoto wa Kiitaliano husoma Kijerumani miaka kumi na mitatu, akafaulu, akatoka nje kwenda kununua mkate, na haelewi neno. Alichofundishwa ni Kijerumani sanifu cha vitabuni. Kinachosemwa sokoni ni lahaja ya Tyrol Kusini, ambayo haina darasa. Muuzaji anaona uso umetahayari, kwa wema tu anahamia Kiitaliano, na mazungumzo yanaendelea. Wema huo ndio unaomwua mwanafunzi. Mwaka wa kumi na mitatu wa masomo umeishia kwenye upole wa muuza mkate. Waitaliano wa hapo wana neno la hali yao, disagio, ile hali ya kutokaa vizuri katika mji ambao ni wako. Kwa upande wa pili, ukipanda mabondeni utakutana na vijana wa Kijerumani ambao Kiitaliano chao kimekauka, kwa kuwa siku nzima hawamwoni Mwitaliano isipokuwa polisi na mtalii.

Kwa hiyo ukitaka kuupima mji wa lugha mbili, acha vibao. Sikiliza nani anayebadilisha lugha, na anabadilisha baada ya sekunde ngapi. Hicho ndicho kipimo changu, na kinafanya kazi popote.

Kipeleke Uswisi, mji wa Biel, jimbo la Bern. Jina lake rasmi tangu mwaka 2005 ni Biel/Bienne, kwa mkwaju katikati, kana kwamba wameshindwa kuamua. Wengi wao husema Kijerumani, na sehemu kubwa sana iliyobaki Kifaransa. Desturi ya mji ni kwamba anayeanza kusema ndiye anayechagua lugha, na mwenzake anamfuata. Ukisalimia kwa Kifaransa dukani utahudumiwa kwa Kifaransa. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa kundi gani. Unajitambulisha kwa sentensi yako ya kwanza, na kesho unaweza kuanza kwa nyingine.

Mbona huko imewezekana? Wengi hujibu kwa kusifu tabia ya Waswisi, na mimi sidhani ni tabia. Wafaransa wa Biel hawakuja na jeshi. Walikuja katika karne ya 19 kutoka milima ya Jura wakiwa mafundi saa, na mji wenyewe uliwavuta kwa msamaha wa kodi. Mtu uliyemwita mwenyewe humgombezi kwa lugha yake. Na hata hivyo Biel nayo si bustani ya peponi: Mfaransa wa huko husoma Kijerumani sanifu shuleni na kukutana mtaani na Kijerumani cha Kiswisi, adha ileile ya Bolzano kwa sauti nyingine.

Ajabu zaidi, mfano mwingine uko ndani ya jimbo hilohilo la Tyrol Kusini. Katika mabonde ya Waladini, Gardena na Badia, shule hufundisha nusu ya masomo kwa Kijerumani na nusu kwa Kiitaliano, pamoja na Kiladini chenyewe. Wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo mingi na lugha yao haijafa. Walio wachache kuliko wote, ambao kwa hesabu ndio wangeogopa zaidi kumezwa, ndio waliofungua milango yote miwili. Kila nikisoma hoja kwamba shule ya lugha mbili itaangamiza utamaduni wa mtu, huwakumbuka Waladini. Huenda kuna tofauti ya msingi: wao hawakuwahi kuwa na dola nyuma yao, kwa hiyo hawakuzoea kufikiri kwamba lugha hulindwa kwa ukuta.

Turudi mjini, maana bado sijawataja wanaolipa.

Kuna nyumba ambamo mama ni Mwitaliano na baba ni Mjerumani, watoto wanaanza sentensi huku na kuimalizia kule. Hao ndio mchanganyiko alioutafuta mgeni, na hao ndio ambao karatasi haina mahali pa kuwaweka. Wanaweza kutamka kwamba ni "wengine", lakini wakitaka kufaidi chochote kinachogawanywa kwa uwiano ni lazima wajiunganishe na kundi moja kati ya matatu. Vivyo hivyo mtoto wa mhamiaji kutoka Albania, Morocco au Pakistan akipata uraia: akina baba walikuja kutafuta kazi, hawakuwa na ugomvi wowote na Walther wala Dante, na sasa mtoto anaambiwa achague upande katika kesi iliyofunguliwa kabla babu yake hajazaliwa. Mtego wa panya, huingia aliyekuwamo na asiyekuwamo.

Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Alexander Langer, mwanasiasa wa chama cha kijani aliyezaliwa katika jimbo hilo mwaka 1946. Aliuita utaratibu wa kujitamka vizimba vya makabila, akakataa kutamka kundi lake. Mwaka 1995 alitaka kugombea umeya wa Bolzano akazuiwa, kwa sababu hakuwa na tamko. Mtu aliyezungumza lugha zote mbili kama maji, na aliyetumia maisha yake kuwakutanisha wenye lugha hizo, ndiye hakuwa na sifa ya kuuongoza mji wa lugha mbili. Alifariki mwezi Julai mwaka huohuo.

Sisemi mfumo uvunjwe kesho. Umeanza kulegea wenyewe: tamko sasa hukaa katika bahasha iliyofungwa, halitangazwi, na chuo kikuu cha mji, kilichoanzishwa mwaka 1997, hufundisha kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza katika jengo moja. Hata Tao la Ushindi limepatiwa dawa. Mwaka 2001 baraza la mji lilibadilisha jina la uwanja wake kuwa Uwanja wa Amani, na mwaka uliofuata wananchi wakapiga kura, zaidi ya asilimia 60 wakarudisha Ushindi. Amani ya kubandikwa haikushika. Kilichoshika ni makumbusho yaliyofunguliwa chini ya tao hilo mwaka 2014, yanayoeleza bila kupaka rangi lilijengwa na nani na kwa nia gani.

Matembezi yangu ningeyamalizia kwenye uwanja wa mahakama, hatua kadhaa kutoka hapo. Mbele ya mahakama kuna jengo lililojengwa kuwa makao ya chama cha Kifashisti, na ukutani mwake mchongo mkubwa wa mawe wa Mussolini juu ya farasi, pamoja na amri za chama chake: amini, tii, pigana. Aliyeuchonga ni Hans Piffrader, msanii wa hapohapo Tyrol Kusini, msemaji wa Kijerumani. Mchongo haujabomolewa. Tangu mwaka 2017 umepitishiwa juu yake maandishi ya taa, maneno ya mwanafalsafa Hannah Arendt kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiladini: hakuna mtu mwenye haki ya kutii.

Zile bahasha za matamko huhifadhiwa mahakamani. Kijana wa nyumba ya lugha mbili, akishatimiza miaka 18 na kuamua kwamba anataka kazi ya serikali, atachagua kundi moja na kuifunga bahasha yake. Itakaa ndani ya jengo linalotazamana na taa hizo, na kila jioni zinapowashwa atakayepita hapo atazisoma kwa lugha zote tatu.